Nge, Kitabu cha Ubatizo na Mwaka wa Nzige

Wapendwa Taifa la Mungu, tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wetu na kuyazuru makaburi yao vihambani. Katika miteremko hii ya Kilimanjaro ni mwezi wa mvua za vuli. Na kwa wale wanaosoma safu za nyota magazetini na kwenye simu zao, ni mwezi wa Nge. Wanatuambia kwamba yeyote aliyezaliwa kati ya tarehe 24 Oktoba na 22 Novemba ni mtu wa nyota ya Nge, na kwamba tabia yake inajulikana hata kabla hajafungua kinywa. Ni msiri. Ana wivu. Akipenda hupenda kwa moto, akikosewa hasahau, na kisasi chake hukomaa polepole kama ndizi iliyofukiwa. Ni jasiri, lakini usimgeuzie mgongo.

Wengi huyasoma maneno haya kwa mzaha, kama mtu asomaye vichekesho. Nasi tusingeyaandikia tafakari nzima kama yangebaki kuwa mzaha. Lakini tumeyaona yakiingia katika nyumba za waamini na kuketi kwenye kiti cha hakimu. Ndiyo maana wiki hii tunawaalika mfuatane nasi katika historia kidogo: nyota ya Nge ilitoka wapi, ilipandaje mlima huu, na kwa nini Mkristo asimpime mwenzake kwa mizani ya namna hiyo.

Matangazo yaliyotaka kufutwa

Miaka kadhaa iliyopita walifika ofisini kwetu kijana mmoja na wazee wa upande wake. Matangazo ya ndoa yake yalikuwa yamesomwa Dominika moja, na walikuja kuomba yasisomwe tena. Tulipouliza kizuizi ni nini, walitazamana. Hatimaye shangazi wa kijana akasema: "Baba Paroko, tumegundua kwamba binti huyu ni Nge." Palikuwa na ugomvi mdogo uliotokea siku ya kupeleka mbege ya posa, binti alinyamaza siku nzima wala hakumwamkia shangazi. Shangazi akaenda kusoma, akakuta imeandikwa kwamba Nge hasamehi. Tangu siku hiyo kila neno la binti lilionekana kuwa sumu, na kila ukimya wake ukawa mkia ulioinuliwa.

Pamoja nao alikuwapo bibi mzaa baba, mwanamke mzee sana, ambaye alikuwa amekaa kimya akiegemea fimbo yake. Aliposikia hoja ile akauliza: "Na mimi nyota yangu ni ipi?" Shangazi akamwuliza alizaliwa tarehe gani. Bibi akajibu: "Nilizaliwa mwaka wa nzige. Kwenye karatasi karani ameniandikia tarehe mosi Januari, kwa sababu ilimbidi aandike kitu."

Tulicheka sote, hata shangazi. Lakini swali la bibi lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na ndilo lililotusukuma kuifuatilia habari hii. Kama tabia ya mtu inategemea siku aliyozaliwa, basi wale mababu na mabibi waliozaliwa mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, au mwaka ambao mangi fulani alitawazwa, walikuwa na tabia gani? Je, hawakuwa na tabia kabisa mpaka karani alipofika na kalamu?

Watu wasio na tarehe

Wazee wetu Wachagga hawakuwa watu wasiojua mbingu. Walihesabu miezi kwa mwandamo wa mwezi, walizijua siku walizoziona kuwa njema na zile walizoziona kuwa mbaya kwa kuanza kazi, na jina walilomwitia Mungu, Ruwa, ndilo pia jina la jua. Lakini mtu hakujulikana kwa tarehe. Alijulikana kwa ukoo wake, kwa rika lake, na kwa jina alilopewa: mtoto wa kwanza kutoka upande wa baba, anayefuata kutoka upande wa mama. Mtoto akiwa mkaidi walisema amemrithi babu yake fulani. Akiwa mpole walisema ni bibi yake amerudi. Hesabu hiyo nayo ilikuwa na makosa yake, ila angalau ilimtafuta mtu miongoni mwa watu.

Wala tusidanganyike kwamba zamani za Afrika zilikuwa bustani isiyo na miiba. Waswahili wa pwani walikuwa na neno "kigego", yaani mtoto ambaye meno yake ya juu yalitangulia kuota, au ambaye kuzaliwa kwake kulikuwa na jambo lisilo la kawaida. Mtoto huyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa nyumba nzima, na imani ya namna hiyo haikuishia pwani. Wako watoto wengi waliopoteza uhai wao kwa sababu ya jino. Hawakuwa wamemtenda mtu yeyote jambo lolote. Alama ya kuzaliwa ilisomwa, hukumu ikatolewa, na kesi ikafungwa. Tunalitaja jambo hili la kuhuzunisha kwa sababu linaonyesha mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni mzaha tu: mtu kuhukumiwa kwa namna alivyoingia duniani, na si kwa jinsi anavyoishi humo.

Nyota inavyopanda kutoka pwani

Nyota kumi na mbili zilifika Afrika Mashariki kwa bahari. Majina yake ya kale katika Kiswahili yanaonyesha zilikotoka: Hamali, Asadi, Mizani, Akarabu, Kausi, yote ni ya Kiarabu. Magazeti yetu yameyazoea majina ya nyumbani: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Akarabu ndiye Nge.

Waarabu nao waliipokea elimu hii kutoka kwa Wayunani, na Wayunani kutoka Babeli. Ni Wababeli ambao, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, waligawa njia ya jua angani katika sehemu 12 zilizo sawa. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Ptolemayo wa Aleksandria, katika bara letu hili la Afrika, aliandika kitabu kilichopanga kanuni za unajimu, na karne ya 9 Abu Ma'shar wa Baghdad akawa mwalimu mkuu wa fani hiyo kwa Waislamu na kwa Wakristo wa Ulaya pia.

Katika pwani yetu watu walijiepusha kufunga ndoa au kuanza safari wakati mwezi uko katika Nge. Na hapa pana jambo la kutafakari. Kwa kuwa watu wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa, mtaalamu wa falaki hakuwauliza tarehe. Aliuliza jina la mtu na jina la mama yake, akazigeuza herufi kuwa tarakimu, akajumlisha, akagawa kwa 12, na kilichobaki ndicho kilichoonyesha nyota. Hivyo mtu mmoja anaweza kuwa Simba kwa hesabu ya jina na Nge kwa hesabu ya tarehe. Marehemu Shekhe Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana kuliko wote katika Afrika Mashariki na aliyefariki Dar es Salaam mwezi Mei 2011, alizizoesha nyota hizi masikioni mwa mamilioni kwa njia ya magazeti, redio na televisheni. Hatumtaji kwa dharau. Tunamtaja kwa sababu huwezi kuandika historia ya nyota katika nchi yetu ukamruka.

Misafara ya biashara ndiyo iliyoiunganisha pwani na mlima wetu. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kiprotestanti aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, aliongozwa na mtu wa pwani, Bwana Kheri, na akawa mgeni wa Mangi Masaki hapa Kilema. Miaka 42 baadaye, Agosti 1890, alifika Askofu Raoul de Courmont pamoja na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger wa Shirika la Roho Mtakatifu. Walipokewa na Mangi Fumba wa Kilema, na kutokana na safari ile misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya mlima huu ilianza.

Wamisionari walipanda na vitu vingi: misale, mbegu, dawa. Walipanda pia na kitabu kikubwa chenye mistari, kitabu cha ubatizo. Ndani yake padre aliandika jina la mbatizwa, majina ya wazazi na wasimamizi, siku ya ubatizo, na siku ya kuzaliwa, kadiri ilivyoweza kujulikana. Wapendwa, fikirini jambo hili. Kwa familia nyingi za mlima huu, tarehe ya kwanza ya kuzaliwa kuandikwa katika ukoo mzima iliandikwa na mkono wa padre. Leo hii tarehe hiyohiyo, iliyoandikwa ili mtoto ajulikane kuwa mwana wa Mungu, ndiyo wanayoitumia wengine kumwita Nge.

Umri wa safu ya magazetini

Yako mengine yanayostahili kujulikana. Wengi wanadhani kwamba maelezo ya tabia tunayoyasoma magazetini ni hekima ya kale isiyopimika. Unajimu wenyewe ni wa kale, kweli. Lakini mnajimu wa kale alitazama sayari zote, saa na mahali pa kuzaliwa, na mteja wake alikuwa mfalme au tajiri. Desturi ya kuwagawa watu wote katika mafungu 12 kwa mwezi wa jua peke yake, na kulitangazia kila fungu habari zake katika gazeti, ilipata nguvu Uingereza mwezi Agosti 1930, gazeti la Sunday Express lilipomwomba mnajimu R. H. Naylor aandike juu ya nyota ya Binti Mfalme Margaret aliyekuwa amezaliwa siku chache kabla. Wasomaji wakapenda, magazeti mengine yakaiga. Misheni ya Kilema ni kaka mkubwa wa safu ile kwa miaka 40. Anayetuambia kwamba tabia za nyota ni urithi wa kale kuliko Kanisa hapa mlimani anatuuzia shati jipya kwa jina la shati la babu.

Na kwa nini maelezo yale yanatuingia moyoni? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapima wanafunzi wake 39, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake kwa siri. Waliombwa wayape alama kati ya 0 na 5 kwa jinsi yalivyowalenga. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo akawafunulia kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, ambayo aliyachukua katika kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani. Nani kati yetu asiye na siri? Nani ambaye hakuwahi kuona wivu? Mwambie mtu yeyote kwamba kosa fulani bado linamuuma moyoni, naye atakuuliza umejuaje. Kwa sensa ya mwaka 2022, Watanzania tulikuwa zaidi ya milioni 61. Sehemu ya kumi na mbili ni watu kama milioni 5. Je, wote hao ni wasiri na wenye visasi, kuanzia Rombo hadi Mtwara?

Nge watatu, wanne

Tuwatazame basi baadhi ya Nge wenyewe. Mwandishi wa Kanisa aliyeupiga unajimu kwa nguvu kuliko wengi alikuwa Mwafrika, Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, tarehe 13 Novemba mwaka 354. Kwa hesabu ya magazeti yeye ni Nge kamili. Akiwa kijana huko Karthago alikuwa mteja wa wanajimu. Mganga mmoja mzee, Vindisiano, alimsihi aviache vitabu vile, na rafiki yake Nebridio alimcheka, lakini hakusikia. Anaeleza katika Maungamo kwamba kilichomgeuza ni habari aliyosimuliwa na Firmino. Mama yake Firmino na kijakazi wa rafiki wa familia walijifungua wakati mmoja. Nyumba mbili zile, zilizopenda nyota kupita kiasi, zilipeana habari kwa wajumbe, nao wakakutana katikati ya njia. Nyota moja, saa moja. Firmino alikua katika mali na heshima. Mtoto wa kijakazi alibaki mtumwa. Augustino akakumbuka pia Esau na Yakobo, mapacha waliotofautiana tangu ngozi hadi mwenendo. Aliyebatizwa Milano katika Pasaka ya mwaka 387 hakuwa mtu aliyebadilishiwa nyota. Alikuwa mtu yule yule mwenye moyo wa moto, ila moto ule ulikuwa umepata jiko lake.

Nge wa pili ni wa majirani zetu Walutheri, ambao tunachangia nao soko, koo na misiba katika mlima huu. Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya Mtakatifu Martino, ndiyo maana akaitwa Martin. Mnajimu wa Kiitalia, Luca Gaurico, ambaye baadaye alipata uaskofu katika Kanisa letu, aliihamisha siku ya kuzaliwa ya Luther hadi tarehe 22 Oktoba 1484, ili ilingane na mkutano wa sayari katika Nge uliotarajiwa kuleta mzushi mkuu. Tukubali kwa unyenyekevu: tarehe ilikataa kumfuata nyota, basi tarehe ikasogezwa. Luther mwenyewe aliudharau unajimu, na alitumia hoja ileile ya Esau na Yakobo. Katika jambo hili mtawa yule wa shirika la Augustino na Augustino mwenyewe walisimama upande mmoja.

Hapa nyumbani, marais wetu wawili Wakatoliki waliozaliwa katika siku hizo ni Benjamin William Mkapa, tarehe 12 Novemba 1938, na John Pombe Magufuli, tarehe 29 Oktoba 1959. Mmoja alikuwa mhariri na mwanadiplomasia, mwingine mwalimu wa kemia na hesabu. Kila aliyewasikiliza wakihutubia anajua kama walikuwa na sauti moja au mbili. Mnajimu atapata kwa kila mmoja wao jambo la kumthibitishia Nge wake, na hapo ndipo ulipo udhaifu wa fani yake: kipimo kinachomfaa kila mtu hakijampima mtu yeyote.

Mbingu zinasemaje?

Hata mbingu zenyewe zikiulizwa, jibu lake ni jingine. Usiku wa Julai au Agosti usio na mawingu, simameni hapa Kilema mkiupa mlima mgongo na kutazama kusini, juu ya tambarare. Mtamwona Nge amejikunja, na moyoni mwake nyota nyekundu. Ni kundi zuri ajabu. Lakini mwishoni mwa Novemba hamtamwona, kwa kuwa jua limesimama mbele yake. Na jua hupita mbele ya nyota za Nge kwa muda wa wiki moja tu, kuanzia yapata tarehe 23 Novemba, siku ambayo kwa magazeti msimu wa Nge umekwisha! Wengi wanaoitwa Nge walizaliwa jua likiwa mbele ya nyota za Mizani. Sababu ni kwamba dunia huyumba polepole katika kuzunguka kwake, kama pia inayotaka kulala, na alama za kale zimeachana na nyota zake kwa karibu fungu zima. Jambo hili Wayunani walikuwa wamelibaini kabla ya Kristo kuzaliwa.

Tena majira ya alama hizo ni ya nchi nyingine. Ndoo ya maji inamwagwa Januari na Februari, wakati wa mvua huko Mashariki ya Kati. Hapa kwetu huo ni wakati wa kiangazi, na mifereji imepungua maji. Kilimia, nyota zile sita zilizowaambia wakulima wa Kiswahili wakati wa kulima, zilikuwa na haki zaidi ya kusikilizwa. Hazikudai kujua moyo wa mtu. Zilisema tu mvua iko karibu.

Kanisa halijawahi kuichukia mbingu. Papa Gregori XIII alirekebisha kalenda mwaka 1582 kwa msaada wa wanafalaki, na mwaka 1891, misheni ya Kilema ikiwa bado changa, Papa Leo XIII alianzisha upya kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, ambacho kinafanya kazi hadi leo. Bali mwaka 1586 Papa Sisto V alikataza unajimu wa kutabiri matendo ya watu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inatutaka tukatae kutafuta mambo yetu katika nyota. Mtakatifu Toma wa Akwino alikuwa tayari kukubali kwamba vitu vya angani huweza kuugusa mwili wetu, kama jua linavyouchosha. Ila utashi wa mtu, alifundisha, hauko chini ya nyota yoyote. Anayejitawala hatawaliwi na mbingu.

Mtatuuliza: na Mamajusi je? Ndiyo, walikuja kwa nyota. Lakini nyota ile ilimtumikia Mtoto. Haikumpangia Mtoto tabia. Na walipokwisha kumsujudia walirudi kwao kwa njia nyingine.

Pembezoni mwa ukurasa

Turudi ofisini. Tulikitafuta cheti cha ubatizo cha binti, kama sheria inavyodai kwa kila ndoa. Cheti kilisema alizaliwa tarehe 19 Oktoba. Karatasi za shule, ambazo ndizo shangazi alizozisikia, zilisema 29 Oktoba. Kwa kitabu cha Kanisa binti alikuwa Mizani, mpole na mpenda amani. Kwa karatasi za shule alikuwa Nge. Wazee wakaanza kupumua. Mmoja akasema: "Basi yamekwisha, ni Mizani!"

Wapendwa, tuliwazuia hapo hapo. Hatukutaka binti yule aokolewe na Mizani. Kama angekuwa amezaliwa tarehe 29, angekuwa mtu mwingine? Je, ukimya wake siku ya posa ungekuwa sumu kwa sababu ya siku kumi? Tuliwaomba wamwite mwenyewe wamwulize. Aliitwa. Akaeleza kwamba siku ile alikuwa ametoka kumwuguza mama yake usiku kucha, na kwamba neno moja la shangazi juu ya umaskini wa nyumbani kwao lilimkata. Alinyamaza ili asijibu vibaya. Hakuna gazeti lililokuwa limeandika hayo. Dominika iliyofuata alikwenda kwa shangazi akiwa na jani la sale mkononi, kama desturi yetu inavyomtaka mwenye kuomba amani. Aliyeambiwa kwamba hasamehi ndiye aliyetangulia kuomba radhi. Shangazi alilipokea jani lile huku akilia, kwa kuwa alijua ni nani aliyestahili kulibeba. Matangazo yaliendelea, ndoa ikafungwa.

Yako mambo mawili tunayotaka mwondoke nayo. La kwanza ni kwa mwenye kuhukumu: unapomwita mtu Nge, unajipa ruhusa ya kutomwuliza. Uvivu wa kumjua jirani ni dhambi hata ukivikwa vazi la elimu. La pili ni kwa anayejihukumu. Wapo wanaokuja kitubioni wakisema, "Baba, ndivyo nilivyo, ni nyota yangu." Hapana, mwanangu. Hasira hiyo unaweza kuipigania, na neema ipo. Kama nyota ndiyo iliyokasirika, basi tumwungamishe nyota; lakini msalabani Kristo alikufa kwa ajili yako.

Katika kitabu cha ubatizo, pembeni mwa kila jina, huachwa nafasi tupu. Siku ya ubatizo hakuna anayejua kitakachoandikwa hapo. Miaka inapopita padre huja kuandika: amepata kipaimara, amefunga ndoa na fulani, amepewa daraja, ameweka nadhiri za daima. Maisha ya mtu huandikwa pale baada ya kuishiwa, hayaandikwi kabla. Katika kurasa zote tulizowahi kuzifungua, hatujakuta safu ya nyota.

Bibi yule wa mwaka wa nzige amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mwezi huu tunamwombea pamoja na marehemu wote wa parokia zetu. Hatukuwahi kuijua siku aliyozaliwa. Aliyemwumba anaijua, naye ndiye anayejua pia alivyoishi.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!